Barua Katika Bawa la Kipepeo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima
Elimu ya viumbe: Nuru tusiyoiona

Mwalimu, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana karatasi yake. Anayesoma vizuri na akae karibu na yule anayeanza. Somo letu ni refu kidogo, kwa hiyo tumeligawa katika sehemu 7. Mwisho wa kila sehemu pumzikeni, mwulizane mliyoyaelewa, kisha mwendelee. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

1. Penye dimbwi

Fikiri kwamba uko Tabora, mwezi wa Desemba. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Unatembea katika njia iliyokuwa ya vumbi, na sasa ina tope. Mbele yako pana dimbwi dogo. Ukingoni mwake unaona vipepeo wadogo wa manjano wamekaa juu ya tope. Ni kumi, ni ishirini, labda zaidi. Ukikaribia wanaruka wote pamoja, kama vipande vya karatasi vilivyochukuliwa na upepo. Ukipita, wanarudi palepale.

Usidhani wanacheza. Wanafyonza maji ya tope ili wapate chumvi. Wengi wao ni madume.

Sasa simama uwatazame vizuri. Wote ni wa manjano, na wote wana kingo nyeusi katika mabawa. Dume ni wa manjano, na jike ni wa manjano, ingawa mara nyingi rangi ya jike imefifia kidogo. Tena ziko jamii kadhaa za vipepeo wa namna hii. Zinafanana hata mtaalamu hulazimika kumshika kipepeo mkononi na kumchunguza ndipo ajue ni wa jamii gani.

Basi hapa pana swali. Kipepeo huyu hana sauti ya kumwita mwenziwe. Akiisha kupata mabawa, maisha yake ni majuma machache tu, na wengi huliwa na ndege au mijusi kabla ya kuyamaliza. Katika muda huo mfupi yampasa apate mwenzi wa jamii yake mwenyewe. Jike akikosea akampokea dume wa jamii nyingine, huenda mayai yake yasiangue, au watoto wake wawe dhaifu. Hana muda wa kukosea. Je, anamjuaje mwenziwe wa kweli kati ya wote hawa wa manjano?

Jibu ni kwamba amemwona. Katika bawa la dume kuna alama inayong'aa, nayo ni alama ambayo wewe na mimi hatuwezi kuiona, hata tukitumbua macho kutwa nzima.

2. Barua za njia ya misafara

Ili tulielewe jambo hili, turudi nyuma kidogo katika historia ya mahali hapa.

Zamani za misafara, njia kubwa ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, katika Ziwa Tanganyika. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na watu waliikata kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa kazi hiyo. Walichukua nguo, shanga, waya wa shaba na pembe za ndovu. Walichukua pia barua.

Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti Henry Stanley alifika Tabora akimtafuta Dr Livingstone. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, aliukuta mfuko wa barua za Livingstone. Juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko ulikuwa umetoka Unguja, lakini ulikuwa haujamfikia mwenyewe. Stanley aliuchukua mpaka Ujiji, akamkabidhi Livingstone mwezi wa Novemba 1871. Habari zile zilikaa njiani mwaka mzima.

Sasa fikiri juu ya wale waliouchukua mfuko ule. Wengi wao hawakujua kusoma. Walizijua barua kwa uzito wake. Waliona karatasi, waliona wino, lakini habari hawakuiona. Je, kwa sababu hiyo tuseme kwamba ndani ya mfuko hamkuwa na habari? La. Habari ilikuwamo. Ilimngojea mtu mwenye macho ya kuisoma.

Wewe unayejifunza kusoma unalijua jambo hili kuliko mtu mwingine. Si zamani ulipita kituo cha reli ukaona maandishi ukutani, nayo kwako yalikuwa mistari tu. Leo mistari ileile inakwambia treni inaondoka saa ngapi. Ukuta haukubadilika. Uliyebadilika ni wewe.

Basi, mbele ya kipepeo, sisi sote ni kama wale wapagazi. Tunaona karatasi, barua hatuioni.

3. Nuru iliyo nje ya macho yetu

Umepata kuona upinde wa mvua. Rangi zake zimejipanga kwa utaratibu: nyekundu upande mmoja, kisha rangi ya machungwa, manjano, kijani, buluu, na mwisho urujuani, yaani rangi inayokaribia zambarau. Rangi hizi zote zimo katika nuru ya jua. Mvua inazitenganisha tu.

Je, baada ya urujuani kuna nini? Macho yetu yanasema hakuna kitu. Lakini mwaka 1801 mtaalamu wa Ujerumani aliyeitwa Johann Ritter alifanya jaribio. Alichukua karatasi iliyopakwa dawa ya fedha, ambayo hugeuka kuwa nyeusi ikipigwa na nuru. Akaitenganisha nuru ya jua kwa kipande cha kioo, zikatokea rangi kama za upinde wa mvua. Akaiweka karatasi yake kila mahali penye rangi. Kisha akaiweka nje ya urujuani, mahali palipoonekana pana giza tupu. Hapo ndipo karatasi ilipogeuka nyeusi upesi kuliko mahali pengine pote.

Kumbe palikuwa na nuru hapo. Ni macho tu yaliyoshindwa kuiona. Siku hizi nuru hiyo tunaiita urujuanimno, maana yake nuru iliyoupita urujuani.

Wataalamu huipima nuru kwa mawimbi, kwa sababu husafiri kwa mawimbi madogo sana. Chukua milimita moja katika rula yako, uigawe mara 1,000,000. Kipande kimoja ndicho kinachoitwa nanomita. Mawimbi ya nuru nyekundu yana urefu wa nanomita 700 hivi. Ya urujuani ni 400 hivi. Chini ya 400 macho yetu yanafika mwisho, na ndipo urujuanimno unapoanza. Vipepeo na nyuki huendelea kuona mpaka karibu nanomita 300.

Kwa nini sisi hatuioni? Ndani ya jicho la mtu mna lenzi, kitu kama kioo kidogo kinachoiongoza nuru. Lenzi hiyo huizuia nuru ya urujuanimno isifike ndani ya jicho. Mtu akiugua mtoto wa jicho, daktari huiondoa lenzi iliyoharibika. Wako watu walioondolewa lenzi bila kuwekewa nyingine, nao waliweza kuiona kidogo nuru hii. Waliiona kama rangi ya buluu nyeupe.

Wadudu hawana lenzi ya namna yetu. Mwingereza John Lubbock aliwachunguza sisimizi, na katika kitabu chake cha mwaka 1882 alionyesha kwamba sisimizi huitambua nuru ya urujuanimno. Alipowaangazia, waliwabeba watoto wao na kuwahamisha kutoka katika nuru ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Tangu hapo watu walianza kufahamu kwamba ulimwengu wa mdudu si sawa na ulimwengu wetu, ingawa tunaishi mahali pamoja.

4. Bawa linavyong'aa

Umewahi kumshika kipepeo ukaona unga umebaki katika vidole? Ule si vumbi. Ni vigamba. Bawa la kipepeo limeezekwa kwa vigamba vidogo sana, kimoja juu ya kingine, kama nyumba iliyoezekwa kwa vigae. Rangi zote za bawa zimo katika vigamba hivyo.

Kigamba hupata rangi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kama ya mtia nguo rangi. Ndani ya kigamba imo rangi yenyewe. Manjano ya kipepeo wetu wa dimbwini ni rangi ya namna hii. Rangi hiyo huurudisha manjano, lakini huumeza urujuanimno.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Nenda penye gereji baada ya mvua, utazame mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Utaona rangi nyingi zinachezacheza. Je, nani ametia rangi pale? Hakuna. Mafuta hayana rangi hizo. Ule utandu wa mafuta ni mwembamba mno, na nuru inapopiga juu yake na chini yake, mawimbi yanakutana. Mengine yanasaidiana, mengine yanauana. Yale yanayosaidiana ndiyo rangi unayoiona.

Vigamba vya dume wa manjano vimejengwa hivyo. Kila kigamba kina migongo myembamba iliyojipanga kama matuta ya shamba la viazi. Kila tuta lina tabaka nyembamba sana, na kati ya tabaka na tabaka mna hewa. Unene wa tabaka hizo ni wa kipimo kinachoyafanya mawimbi ya urujuanimno yasaidiane. Basi bawa lake linaurudisha urujuanimno kwa nguvu, kama kioo kinavyoirudisha nuru ya jua. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani waliyaeleza maumbile haya katika kipepeo mdogo wa manjano wa kwao, ambaye ni ndugu wa huyu wetu.

Sasa wataalamu wanazo kamera zinazoweza kupiga picha kwa nuru ya urujuanimno peke yake. Ukiwapiga picha dume na jike wa kipepeo huyu, utastaajabu. Kwa macho yetu wote wawili ni manjano. Katika picha, jike ni mweusi kabisa au karibu mweusi, kwa kuwa rangi yake inaumeza urujuanimno. Dume anang'aa kama bati jipya.

Tena angalia jambo moja. Bati jipya likiwa mbali halikumulikii wakati wote. Hukumulika ukiwa umesimama upande fulani tu. Na bawa la dume ni hivyo hivyo. Mng'ao wake huonekana kutoka upande fulani. Anapopiga mabawa, mng'ao unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika. Jike akiwa mbali anaona kitu kinachokonyeza katika majani. Hakuna jani lifanyalo hivyo, wala ua.

5. Jike anavyochagua

Je, tunajuaje kwamba jike anaitazama alama hiyo? Labda ni pambo tu lisilo na kazi. Wataalamu nao walijiuliza hivyo. Katika elimu hii haitoshi kudhani. Lazima ujaribu.

Huko Marekani wako vipepeo wa jamii mbili wanaoishi pamoja katika mashamba ya majani ya ng'ombe. Jamii moja ni ya rangi ya machungwa, nyingine ya manjano. Madume wa rangi ya machungwa wanang'aa kwa urujuanimno, na wale wa manjano hawang'ai. Wataalamu Robert Silberglied na Orley Taylor waliyabadilisha mabawa ya baadhi ya madume, kisha wakawaachia majike wachague. Katika taarifa yao ya mwaka 1978 walionyesha kwamba jike wa jamii ya machungwa hakujali sana rangi tunayoiona sisi. Aliutafuta mng'ao wa urujuanimno. Dume aliyenyimwa mng'ao huo alikataliwa, hata kama alikuwa wa jamii yake.

Na yule kipepeo mdogo wa manjano wa dimbwini? Mmoja wao, ambaye jina lake la kitaalamu ni Eurema hecabe, anaishi Afrika, Asia na Australia pia. Huko Australia mtaalamu Darrell Kemp alimchunguza, na mwaka 2008 alieleza kwamba majike hupendelea madume wenye mng'ao mkali wa urujuanimno kuliko wale waliofifia.

Kwa nini wapendelee mng'ao mkali? Fikiri jinsi unavyochagua mbegu za mahindi. Hutwai tu punje yoyote. Unaangalia ile iliyojaa, isiyotobolewa na wadudu. Zile tabaka nyembamba katika kigamba ni kazi ngumu kuzijenga. Kiwavi aliyekula vibaya huota mabawa ambayo tabaka zake hazikukaa sawa, na mng'ao wake ni hafifu. Tena kipepeo akizeeka vigamba hudondoka, na mng'ao hupungua. Kwa hiyo mng'ao ni kama cheti. Unasema: mimi ni dume, ni wa jamii yako, nilikula vizuri nilipokuwa kiwavi, na bado sijazeeka. Ni vigumu kukighushi cheti hicho, maana kimejengwa katika mwili.

6. Kipepeo wa kahawia na majira mawili

Sasa tuondoke dimbwini, tuingie katika pori la miombo, chini ya kivuli cha miyombo na mininga. Hapo wako vipepeo wa rangi ya kahawia wanaoruka chini chini na kukaa juu ya majani yaliyoanguka. Watu wengi huwapita bila kuwatazama. Lakini mmoja wa ukoo huu, Bicyclus anynana, ni mashuhuri sana ulimwenguni. Anaishi katika misitu ya nchi za mashariki ya Afrika, Tanzania ikiwamo. Mwaka 1988 majike walikamatwa Nkhata Bay, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, na wajukuu zao wamefugwa na wataalamu Ulaya, na baadaye mahali pengine, kwa ajili ya uchunguzi.

Kipepeo huyu ana miviringo katika mabawa, mfano wa macho. Katikati ya kila jicho pana nukta nyeupe. Kwetu ni nukta tu. Kumbe inaurudisha urujuanimno. Mwaka 2005 wataalamu Kendra Robertson na Antónia Monteiro walieleza kwamba jike huwachagua madume kwa nukta hizo zilizo upande wa juu wa bawa. Nukta zilipofunikwa au mng'ao wake ulipozuiwa, dume hakupendwa tena.

Jambo la kustaajabisha ni majira. Wewe wa Tabora unajua kwamba mwaka wako umegawanyika. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua, majani ni mabichi. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi, majani yamekauka. Kipepeo huyu huzaliwa na mavazi mawili kufuata majira. Kiwavi aliyekua wakati wa joto na mvua huwa kipepeo mwenye macho makubwa chini ya mabawa. Ndege akija hulidonoa lile jicho la uongo pembeni mwa bawa, na kipepeo huponyoka na bawa lililochanika. Kiwavi aliyekua wakati wa baridi, kiangazi kikikaribia, huwa kipepeo wa rangi ya jani kavu, na macho yake ya chini ni madogo mno. Huyu hujiokoa kwa kutulia kimya asionekane.

Na si mavazi tu yanayobadilika. Wakati wa mvua, madume ndio wanaobembeleza, na majike ndio wanaochagua. Mwaka 2011 Monteiro na wenzake walionyesha kwamba kwa vipepeo waliokuzwa katika baridi, kama wa kiangazi, mambo hupinduka. Majike ndio wanaobembeleza, wakiwa na nukta zinazong'aa, na madume ndio wanaochagua. Kwa nini? Dume anapojamiiana humpa jike pamoja na mbegu chakula kinachomsaidia kuishi muda mrefu zaidi. Katika kiangazi chakula ni haba, na zawadi hiyo ina thamani kubwa. Mwenye kitu chenye thamani ndiye anayechagua wa kumpa. Sheria hii haikuanzia sokoni.

Lakini nukta inayong'aa ina hatari yake. Ndege wengi nao huuona urujuanimno. Barua inaweza kusomwa na adui. Kipepeo anafanyaje? Anaikunja. Mng'ao wa kipepeo wetu wa manjano, na zile nukta ambazo jike wa kahawia huzitazama, ziko upande wa juu wa bawa. Kipepeo akiruka au akimbembeleza mwenziwe, anaufunua upande huo. Akipumzika anayasimamisha mabawa na kuyafumba pamoja, kama mtu anayeifunga barua katika bahasha. Upande wa nje unabaki wa kawaida, kama jani.

7. Sisi na nuru hii

Labda mmoja wenu atauliza: haya yote yananihusu nini mimi mkulima?

Yanakuhusu, kwanza, kwa ajili ya asali. Nyuki wanaoipa Tabora sifa ya asali nao huuona urujuanimno. Maua mengi yaliyo ya rangi moja kwetu, kwa nyuki yana duara jeusi katikati au mistari inayomwongoza penye asali. Nyuki huyasoma maua kama wewe unavyosoma kibao cha njia.

Pili, kwa ajili ya ngozi. Nuru hii isiyoonekana ndiyo inayoichoma ngozi juani. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ingawa si kamili. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na wengi wamepata saratani ya ngozi wangali vijana. Kofia pana, nguo za mikono mirefu, kukaa kivulini saa za mchana, na mafuta ya kuzuia jua huokoa maisha. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, ulianzishwa mpango wa kutengeneza mafuta hayo kwa ajili yao. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asingoje mpaka vidonda vitokee. Hatari haionekani, lakini ipo kila siku ya jua, na hata siku ya mawingu.

Tatu, kwa ajili ya pori lenyewe. Kipepeo wa kiangazi aliyejificha katika majani makavu hawezi kuushinda moto wa Septemba. Kiwavi naye hali kila jani. Mmea wake ukikatwa wote, hakuna kipepeo. Barua hizi zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa zinaweza kuteketezwa kwa kiberiti kimoja, kabla hatujazisoma zote.

Mwisho, jaribio la kufanya wewe mwenyewe. Benki na baadhi ya maduka wana taa ndogo ya kukagulia noti. Omba uone noti chini ya taa hiyo. Utaona alama zilizokuwa zimejificha zinawaka. Taa hiyo inatoa urujuanimno. Lakini elewa tofauti: alama za noti huugeuza urujuanimno uwe rangi tunayoiona, ndiyo maana unaziona. Bawa la kipepeo haligeuzi. Linaurudisha ulivyo, kwa macho ya kipepeo mwenziwe. Kisha mvua ikinyesha, nenda penye dimbwi ukakae kimya kwa robo saa. Tazama nani anamfuata nani, nani anakataliwa. Sababu yake hutaiona, ila sasa unaijua.

Maneno ya somo

Urujuani: rangi ya mwisho ya upinde wa mvua.
Urujuanimno: nuru iliyoupita urujuani, isiyoonekana kwa macho ya watu.
Kigamba: kipande kidogo sana kinachofunika bawa la kipepeo.
Tabaka: kitu chembamba kilicholala juu ya kingine.
Nanomita: milimita moja iliyogawanywa mara 1,000,000.
Kughushi: kutengeneza cha uongo ili kionekane cha kweli.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vipepeo hukaa juu ya tope?
2. Ritter alijuaje kwamba kuna nuru mahali alipoona giza?
3. Eleza njia mbili ambazo kigamba hupata rangi.
4. Mng'ao wa dume unamwambia jike mambo gani?
5. Katika kijiji chako, moto wa pori huwashwa mwezi gani, na kwa sababu gani? Je, kuna njia nyingine?
6. Andika sentensi tatu juu ya kitu ambacho zamani hukuweza kukisoma, na sasa unakisoma.

Mwalimu, majibu ya swali la 6 yasomwe mbele ya darasa, kila mtu lake.